Mauzo Yamepanda, Droo Tupu: Nichukue Mkopo Nifungue Tawi?

Swali: Nina duka dogo la vifaa vya ofisi na shule: karatasi, madaftari, kalamu, wino wa mashine za kuchapia. Nilianza kwa akiba yangu, na sasa ni mwaka wa tatu. Nikinunua kitu naongeza theluthi ya bei ya kununulia, ndiyo bei yangu. Duka la jumla nalipa taslimu. Mwaka jana nilianza kupelekea maofisi mzigo kwa mkopo, nawapunguzia asilimia 10, wao wanalipa baada ya miezi miwili hivi. Mauzo sasa ni mara mbili ya yale ya zamani na nimeongeza msaidizi. Lakini kila mwisho wa mwezi nahangaika na pango, na mara mbili nimekopa kwa ndugu ili nilipe mishahara. Mume wangu anasema nakula mtaji. Benki imekubali kunikopesha kiasi kama cha mauzo yangu ya mwezi mmoja, nirejeshe kwa mwaka, riba asilimia 15. Nimeona fremu nzuri upande wa pili wa mji. Nichukue mkopo nifungue tawi, au?

Jibu: Dada, usifungue tawi sasa, na mkopo huo usiuchukue kwa kazi hiyo. Hilo ndilo jibu fupi. Refu ni la kueleza pesa zako ziko wapi, kwa sababu zipo, ila hazipo dukani.

Tuanze na mumeo. Sina ushahidi kwamba unakula mtaji. Ulichonieleza kinaonyesha kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakitarajii: kukua kwenyewe ndiko kunakomeza pesa yako. Biashara inayodorora huonekana mapema, kila mtu anaiona. Inayokua haraka humaliza pesa huku mwenyewe akipongezwa.

Tuhesabu. Sitataja sarafu, chukua namba zangu kama mafungu, halafu ukae na daftari uweke zako.

Tuseme kabla ya kuanza na maofisi duka liliuza 1,000 kwa mwezi, yote taslimu. Kitu ulichonunua 75 unakiuza 100, kwa hiyo katika 1,000 hiyo, 750 ni gharama ya mzigo na 250 ni faida ghafi. (Hapa wengi hupotea: theluthi juu ya bei ya kununulia si theluthi ya mauzo, ni robo yake. Na anayeongeza asilimia 25 akidhani amebaki na robo ya mauzo, kwa kweli amebaki na asilimia 20. Tofauti hiyo ya tano kwa mia mara nyingi ndiyo pango lenyewe.) Toa pango, umeme, usafiri na kiasi unachojilipa, tuseme vyote ni 200. Unabaki na 50. Rafuni na stoo kuna mzigo wa kutosha miezi miwili, yaani 1,500 kwa bei ya kununulia. Basi hiyo 1,500 ndiyo pesa yako iliyofungwa, na kila mwezi inakuzalia 50. Si tajiri, lakini unalala.

Leo unauza 2,000. Nusu taslimu dukani, nusu kwa mkopo maofisini. Tusahau kwanza lile punguzo. Faida ghafi ni 500. Matumizi yameongezeka kwa sababu ya msaidizi na usafiri wa kupeleka mizigo, tuseme yamefika 300. Unabaki na 200. Faida imepanda mara nne, na ukiwaonyesha watu wa benki karatasi hiyo watatabasamu, ndiyo maana wamekukubalia.

Sasa angalia upande ambao karatasi hiyo haionyeshi. Mzigo wa miezi miwili kwa mauzo haya ni 3,000, si 1,500 tena. Maofisi wanachukua mzigo wa 1,000 kila mwezi na kulipa baada ya miezi miwili, kwa hiyo wakati wowote utakaosimama na kuhesabu, 2,000 ziko kwao. Jumla iliyofungwa ni 5,000. Ilikuwa 1,500. Biashara imekudai 3,500 za ziada ili tu isimame pale ilipofika. Faida ya 200 kwa mwezi, hata usipoigusa hata kidogo, ingehitaji miezi 17 na nusu kuijaza nafasi hiyo. Mauzo yako hayakungoja miezi 17. Yamepanda ndani ya mwaka mmoja. Pengo lililobaki limezibwa na pesa ya pango, pesa ya mishahara na mifuko ya ndugu zako. Huo ndio mwisho wa mwezi unaouogopa.

Na hapo nimekupendelea, kwa kuwa niliweka punguzo pembeni. Turudishe. Kitu cha 100 unawauzia maofisi kwa 90, na wewe ulikinunua 75. Punguzo la asilimia 10 halikukata asilimia 10 ya faida ghafi yako. Limekata 10 katika 25, asilimia 40. Mzigo ambao rafuni ungekupa 250 unakupa 150. Ondoa ile 100 uliyoongeza kwa ajili ya msaidizi na usafiri, biashara yote ya maofisi inakuachia 50 kwa mwezi. Duka lako la zamani, lile dogo, lilikupa 50 hiyo hiyo kwa pesa iliyofungwa 1,500. Maofisi wanakupa 50 kwa pesa iliyofungwa 3,300: mzigo wa ziada 1,500 na madeni 1,800. Umefanya kazi mara mbili, umefunga pesa zaidi ya mara mbili, na malipo ni yale yale.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia tawi, kuna maofisi ya kushughulikia. Hapa ndipo pesa yako ilipo, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Sikushauri uwaache. Mteja anayenunua karatasi kila mwezi bila kuitiwa ni mteja mzuri. Tatizo ni masharti, na masharti uliyaweka wewe ulipokuwa unataka wakukubali. Umewapa vitu viwili vinavyogharimu, bei ya chini na muda mrefu, kwa pamoja. Ondoa kimoja. Anayelipa siku ya kupokea mzigo apate punguzo lake. Anayetaka muda anunue kwa bei ya rafuni, na muda uwe siku 30, si 60. Usiwatangazie kwa barua kali; waambie kwamba kuanzia mwezi fulani bei za duka zimepangwa upya, za taslimu ni hizi, za mkopo ni hizi.

Utaniambia watakimbia. Baadhi, ndiyo. Tuhesabu na hilo pia: wakikimbia theluthi nzima, wakabaki wanaonunua 667 kwa mwezi kwa bei kamili, faida ghafi ni kama 167. Toa ile 100 ya msaidizi na usafiri, unabaki na 67. Bado ni zaidi ya 50 unayopata leo, huku madeni yaliyoko nje yakishuka kutoka 1,800 hadi chini ya 700. Mara nyingi wanaoondoka kwanza ni wale wale waliokuwa wanakuchelewesha.

Kisha kuna kazi ya kudai, ambayo watu wengi waungwana huionea haya. Ofisi kuchelewa kulipa si lazima iwe nia mbaya. Ofisi nyingi zina siku yao ya malipo, na ankara iliyofika kesho yake inangoja mwezi mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja mpya wa mkopo, kabla hata ya bei, ni: mnalipa tarehe ngapi, na ankara inatakiwa ifike kwa nani, lini? Anayeagiza mzigo na anayelipa ni watu wawili. Wewe unamjua anayeagiza, unacheka naye, lakini mezani kwa mhasibu hujawahi kufika. Mfahamu mhasibu. Ankara iende siku ile ile mzigo unapokwenda, ikiwa na namba ya oda yao ya maandishi, na hati ya kupokelea mzigo isainiwe na mtu aliyeandika jina lake kwa herufi zinazosomeka. Karatasi isiyo na sahihi ndiyo kisingizio rahisi kuliko vyote cha kukurudisha nyumbani.

Andika madeni kwa umri. Chora safu nne: yasiyofika siku 30, ya siku 31 hadi 60, ya 61 hadi 90, na yaliyopita 90. Fanya hivyo kila Jumatatu, hata kama ni kwa kalamu na rula. Jumla ya madeni haikwambii kitu. Ya siku 20 na ya siku 120 si pesa moja. Siku tano kabla ya tarehe, piga simu ya heshima kuuliza kama ankara imeonekana na kama kuna karatasi inayopungua. Siku ya tarehe, piga tena. Ikipita, mzigo mpya hautoki dukani mpaka deni la zamani lilipwe. Sharti hili la mwisho ndilo lenye meno, na lazima msaidizi wako alijue, maana watampigia yeye wakiona wewe umekuwa mgumu.

Na kila mteja wa mkopo awe na kikomo. Kikipangwa na tamaa kitakuwa kikubwa. Kipange kwa swali hili: huyu asipolipa kabisa, duka litafunguliwa mwezi ujao? Kumbuka hesabu yenyewe. Ofisi ikikudhulumu mzigo wa 90, umepoteza 75 uliyolipa duka la jumla. Kila mzigo kama huo uliolipwa vizuri unakupa 15. Ankara moja iliyokufa inahitaji ankara tano zilizolipwa ili urudi pale ulipokuwa, na hizo tano umezifanya bure. Ukiwa na ofisi moja inayochukua nusu ya mzigo wako wa mkopo, basi huyo ni mbia wako, ila hajaweka mtaji.

Usidhani ni wewe tu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2011 maelekezo kwamba taasisi za umma zilipe wauzaji kwa kawaida ndani ya siku 30, na kampuni kwa kampuni ndani ya siku 60 isipokuwa zimekubaliana wazi vinginevyo, na anayechelewa adaiwe riba. Nchi tajiri zisingejisumbua na sheria kama hiyo kama wakubwa wangekuwa wanawalipa wadogo kwa hiari yao. Angalia kama nchi yako ina sheria ya namna hiyo. Hata kama hutaenda mahakamani, kuitaja kwenye ankara husaidia.

Tukiwashusha maofisi kutoka siku 60 hadi 30, pesa itakayorudi kwako ni karibu 900. Itarudi mara moja, kisha itabaki nawe.

Pa pili ni stoo. Mzigo wa miezi miwili ni mwingi kwa mtu anayenunua taslimu. Najua inavyokuwa: duka la jumla linakwambia ukichukua maboksi 20 utapunguziwa, nawe unajiona umeokoa. Umeokoa kidogo kwa kila boksi na kufunga pesa ya kodi ya miezi mitatu. Ingia stoo Jumapili moja, hesabu kila kitu, na kwenye kila kilichopo andika kiliuzwa lini mara ya mwisho. Utakuta aina chache za bidhaa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mauzo. Kwako wewe ningebahatisha karatasi za kuchapia, wino wa mashine mbili tatu zinazotumika sana, na madaftari msimu wa kufungua shule. Hizo zisikosekane hata siku moja. Zilizolala miezi sita, uza hata kwa bei uliyonunulia. Inauma, lakini 75 iliyorudi mkononi utainunulia karatasi zitakazotoka wiki ijayo, na ile iliyolala itaendelea kulala huku wino ukikauka na mashine zake zikipitwa na wakati. Wino hasa uuogope: ni ghali, una tarehe ya mwisho, na ofisi ikibadilisha mashine, stoki yako inageuka mapambo.

Ukishuka kutoka mzigo wa siku 60 hadi 45, unafungua 750 nyingine. Utanunua mara nyingi zaidi kwa kiasi kidogo, nauli itaongezeka kidogo. Nimeona watu wakikataa njia hii kwa sababu ya nauli, huku wakilipa riba iliyozidi nauli hiyo mara kadhaa.

Pa tatu ni duka la jumla. Mwaka wa tatu unanunua kwao, taslimu, bila kukosea. Wewe ni mteja mzuri na hujawahi kuwaomba chochote. Omba mali kauli ya siku 15, yaani uchukue mzigo leo ulipe baadaye, kwanza kwa bidhaa moja au mbili zinazotoka haraka, kisha ulipe siku moja kabla ya tarehe. Baada ya mizunguko michache omba na nyingine. Siku 15 kwa manunuzi yako yote ni 750. Usiombe 60 ili ulingane na maofisi. Mnyororo wa namna hiyo ukikatika sehemu moja unakuangukia wewe, na jina lako kwa muuzaji wa jumla ni mali kuliko fremu yoyote.

Jumlisha: 900, 750 na 750 ni 2,400. Mkopo wa benki ni sawa na mauzo ya mwezi, yaani 2,000. Sehemu kubwa ya pesa unayotaka kuikopa ni yako tayari, imetawanyika kwenye meza za watu na rafu za nyuma, na kuikusanya hakuna riba wala dhamana.

Sasa tawi lenyewe, kwa haraka, maana hesabu yake haifichi kitu. Pango jipya, mshahara wa mtu wa kuaminika, umeme, na safari zako za kusimamia: kama ni 200 kama duka la kwanza, basi kwa faida ghafi ya robo linahitaji kuuza 800 kila mwezi ili lisikule kitu. Juu yake kuna marejesho. Riba ya asilimia 15 ikikatwa kwenye mkopo wote ni 300, kwa hiyo utarudisha 2,300 kwa miezi 12, karibu 192 kwa mwezi. Ili faida ghafi izae 192 zaidi, uza karibu 770 zaidi. Tawi linatakiwa liuze kama 1,570 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, kwa watu wasiokujua. Duka lako la kwanza ndiyo kwanza lilikuwa limefika 1,000 lilipokaribia miaka miwili. Na ona jambo jingine: kuuza 1,570 kwa mtindo wako wa mzigo wa miezi miwili kunataka stoki ya 2,355. Mkopo wote umeisha kabla hujanunua rafu moja wala kulipa amana ya fremu.

Kuhusu riba, rudi benki na swali moja tu: inakokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio? Asilimia 15 ya salio, kwa mkopo wa 2,000 wa miezi 12, ni riba ya kama 166 kwa jumla. Asilimia 15 ya mkopo wa mwanzo ni 300. Kwa wastani pesa ya benki unayokaa nayo ni kama nusu ya ulichokopa, kwa kuwa kila mwezi unairudisha, lakini unaitozwa kana kwamba yote ingali mkononi. Hiyo 300 ukiigeuza kuwa riba ya salio ni zaidi ya asilimia 26 kwa mwaka. Ongeza ada ya maombi na bima, kama zipo. Waombe jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi. Afisa asiyetaka kukupa jedwali hilo amekujibu.

Sisemi mikopo ni mibaya. Mkopo wa miezi mitatu wa kununulia madaftari ya msimu, ukiwa na oda za shule mkononi na amana zao zimelipwa, ningekusindikiza kuuchukua. Unaingia, mzigo unatoka, unarejesha. Kosa ni kukopa kwa mwaka mmoja ili kujenga kitu kitakachohitaji miaka miwili kusimama, huku nyumba au shamba limewekwa dhamana. Na kosa kubwa zaidi ni kukopa ili kuziba pengo linalotokana na masharti mabaya ya mauzo. Pengo hilo utaliziba leo, na kesho ukiuza zaidi kwa masharti yale yale litafunguka pana kuliko lilivyokuwa.

Niseme kidogo kuhusu unachojilipa. Jipangie kiasi kimoja kwa mwezi, kitoke tarehe moja, kiingie kwenye akaunti isiyo ya duka. Ada ya mtoto, dawa, mchango wa harusi, vyote vitoke huko. Hapo swali la mumeo litajibiwa na karatasi, nanyi mtapumzika kubishana.

Kitu kimoja zaidi ambacho ningetaka ukifanye kabla ya mwezi kuisha. Chukua karatasi pana, chora wiki 13. Juu ya kila wiki andika pesa utakayoanza nayo. Chini yake, pesa itakayoingia kweli: mauzo ya taslimu, na ankara zipi zitalipwa wiki hiyo kwa tarehe zao halisi, wala si tarehe unazotamani. Kisha zinazotoka: mzigo, pango, mishahara, kodi ya serikali, wewe mwenyewe. Salio la wiki hii ndilo mwanzo wa wiki ijayo. Wiki itakayoonyesha hasi utaiona miezi miwili kabla, na miezi miwili ni muda wa kutosha kudai, kuahirisha oda au kuzungumza na mwenye nyumba. Kila Jumatatu, ukimaliza daftari la madeni, ifute wiki iliyopita na uongeze mpya mwishoni. Ukishaizoea haikuchukui nusu saa.

Wengi huniambia karatasi hii ni ya makampuni. Makampuni yana benki ya kuwabeba wakikosea. Wewe una ndugu uliowakopa mara mbili tayari. Marekani, ambako takwimu hizi hukusanywa kila mwaka, karibu biashara mpya moja katika tano hufungwa kabla ya kumaliza mwaka, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Wewe umefika wa tatu na wateja wanaongezeka. Kinachobaki ni usifungwe na madeni ya watu wengine.

Je, tawi lije lini? Ningependa kuona mambo manne kwa pamoja. Maofisi wanalipa ndani ya siku 30 na umeshuhudia hivyo kwa miezi sita. Kwenye akaunti ya duka kuna matumizi ya kudumu ya miezi mitatu, yaani 900 kwa namba zetu, ambayo haiguswi. Msaidizi wako ameendesha duka mwezi mzima bila wewe, na stoki ilipohesabiwa mwisho wa mwezi ililingana na daftari. Hili la tatu ndilo gumu kuliko pesa, maana siku utakapokuwa tawi la pili, duka la kwanza litabaki na mtu mwingine. La nne, una wateja wa upande ule tayari. Hilo unaweza kulianza wiki hii bila fremu: peleka orodha ya bei kwa ofisi na shule za huko, pokea oda kwa simu, wapelekee mara moja kwa wiki, taslimu. Wakifika wa kutosha, utajua ni mtaa gani hasa unataka duka, na huenda usiwe ule ulioona fremu.

Mwenye fremu mwambie ukweli kwamba huchukui sasa. Akikushinikiza kwamba kuna mwingine anaitaka, mwache achukue. Benki nao waulize kibali chao kinadumu hadi lini na kama unaweza kukigeuza kiwe cha muda mfupi, wakati wa msimu wa shule. Wakikubali, jibu lao waliandike.